Shajara ya mradi: tangi jembamba la kumtazama Arenicola marina akichimba

9 Septemba 2023: lengo na ruhusa

Lengo ni kumwona *Arenicola marina*, mnyoo wa mchanga wa ufukweni, akiwa kazini. Kila mchoro wa mnyoo huyu unamwonyesha ndani ya shimo lenye umbo la U au J, kichwa kikiwa chini upande mmoja na mkia ukielekea juu upande wa pili. Ukimchimba huambulii hayo. Unachotoa ni mnyoo aliyenywea, anayevuja majimaji ya manjano yanayong'ang'ania vidole hata baada ya sabuni, na shimo lake limeshabomoka. Kwa hiyo natengeneza tangi jembamba: vioo viwili vilivyokaribiana, mchanga kati yake, mnyoo ndani, ili ukuta wa shimo lake uwe kioo.

Nusu ya pili ya mradi ni jina. Minyoo nawachukua ufukwe wa kusini mwa Wales, na huko kuna spishi mbili za *Arenicola* zinazoishi jirani. Mpaka mwaka 1993, watafiti Cadman na Nelson-Smith walipomwandika *A. defodiens* kuwa spishi mpya, wote waliitwa kwa jina moja. Ndiyo maana maandishi mengi ya zamani yanayosema "*A. marina*" hayakwambii anazungumzwa yupi hasa. Hapa kila mnyoo atapewa herufi ya mahali alipotoka (J kwa juu ya ufukwe, C kwa chini) na kila mmoja atatolewa sampuli.

Ruhusa imechukua muda mrefu. Kwa sheria ya Uingereza na Wales, haki ya umma ya kuvua baharini inabeba pia kuchimba chambo kwa matumizi yako mwenyewe. Mahakama ilithibitisha hivyo, nako ni mwaka huohuo wa 1993. Lakini haki hiyo ni ya chambo. Mnyoo wa kuwekwa kwenye tangi si chambo, kwa hiyo nimemwandikia mwenye ufukwe, naye amekubali kwa masharti: zana za mkono tu, minyoo wachache, na kila shimo lifukiwe. Anayetaka kuiga aanzie hapa. Sehemu nyingine za pwani ni hifadhi na kuchimba kumepigwa marufuku.

16 Septemba: uchimbaji wa kwanza

Bamvua la mwezi mchanga. Katika Bristol Channel, mkono wa bahari ulio kusini mwa Wales, maji ya bamvua kubwa hupanda na kushuka zaidi ya mita 12 upande wa ndani, na hata huku nje bahari inarudi mbali kiasi kwamba unatembea muda mrefu kabla ya kulowa.

Mnyoo wa kati na juu ya ufukwe hujitangaza kwa alama mbili. Ya kwanza ni choo chake, mchanga uliosokotwa ukarundikana ovyo juu ya tundu la mkia. Ya pili ni kibonde kidogo kilichodidimia kando yake, juu ya kichwa. Minyoo wa mwanzo walikatwa vipande kwa sababu uma ulishuka juu ya choo moja kwa moja, na mkia huwa hapohapo chini. Njia iliyofanya kazi ni hii: piga mstari wa kufikirika kutoka kwenye choo hadi kwenye kibonde, kwa sababu shimo lote limelala chini ya mstari huo, kisha chimba mfereji kando yake, sambamba nao, halafu bomoa ukuta wa mfereji kidogo kidogo kwa mkono. Mnyoo anaanguka mzima. Inachosha mgongo, lakini hupotezi mnyama.

Mwilini anasomeka vizuri hata bila lenzi. Mbele ni mnene, ana pingili 19 zenye vinywele vigumu. Matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, ni jozi 13, kuanzia pingili ya 7 hadi ya 19, mekundu kwa damu. Nyuma ya hapo ni mkia mwembamba, hauna vinywele wala matamvua, umejaa mchanga tu. Hana macho ya kuonekana, hana taya. Mdomoni anatoa koromeo lake nje, limefunikwa vinundu vinavyonata, anazoa mchanga na kulirudisha ndani.

23 Septemba: tangi la kwanza limevuja

Vioo vya milimita 4, upana sentimita 40, kimo 35, nafasi ya milimita 8 kati yake, gundi ya silikoni pande tatu. Kwa maji matupu lilishika vizuri. Mchanga uliolowa ni habari nyingine: unasukuma vioo kwa nguvu kuliko maji, na kila mnyoo anapojitunisha kupita anasukuma zaidi. Katikati vioo vilipinda nje, gundi ya kona ya chini ikaachia, na asubuhi mchanga ulikuwa sakafuni. Pauni 40 hivi za vioo na gundi zimekwenda na maji.

Hata bila kuvuja lisingefaa. Milimita 8 ni finyu kwa mnyoo mzima, ambaye unene wake mbele unakaribia sentimita moja. Alijipenyeza kwa shida na matamvua ya upande mmoja yalichubuka kwenye kioo.

Jambo la tatu ni mchanga wenyewe. Nilitia mchanga safi uliooshwa, wa kuuzwa kwa matangi ya samaki. Mnyoo alizama bila kusita, akakaa, hakutoa choo hata kidogo. Chakula chake ni kile kilichoganda juu ya chembe: bakteria, mwani wa chembe moja, mabaki ya viumbe. Mchanga uliooshwa hauna hata kimoja, hivyo hakuwa na sababu ya kuumeza.

30 Septemba: tangi la pili, na minyoo wa chini kabisa

Safari hii vioo ni vya milimita 6. Nafasi ni milimita 14, imeshikwa na vipande vya akriliki pembeni na chini, kisha jiriwa ndogo zimebana kingo zote tatu juu ya gundi. Nafasi hiyo ina sababu. Ikizidi hapo mnyoo anachimba katikati ya mchanga usimwone, ikipungua anabanwa. Vioo vyote viwili vimefunikwa kwa karatasi nyeusi inayoondolewa wakati wa kutazama tu, maana ukuta wenye mwanga anaukimbia. Vioo, akriliki, jiriwa na gundi vimefika pauni 75. Pampu ya hewa pauni 14.

Mchanga umetoka ufukweni, palepale walipotoka minyoo, ukapitishwa kwenye chekeche la milimita 1 ili kuondoa magamba na wanyama wengine. Ulinuka yai viza ndoo nzima. Nimeujaza tangini hivyo hivyo.

Leo pia ni bamvua kubwa la Septemba, na maji yalipokupwa hadi mwisho nilishuka mahali ambapo kwa siku za kawaida huwezi kufika. Vyoo vya huko vina sura nyingine: mchanga umejizungusha duara juu ya duara, nadhifu, na hakuna kibonde kando. Wavuvi wa mshipi waliokuwepo wanawatofautisha bila shaka yoyote. Huyu ni "mweusi", yule wa juu ni wa kawaida, na bei zake za chambo si sawa. Mweusi anachimbwa kwa kwenda chini moja kwa moja, na yuko mbali. Nimepata wachache, weusi kweli, nikawapa herufi C. Kwa sasa sisemi ni spishi gani.

8 Oktoba: mchanga mweusi umeua

Minyoo wa J wa tangi la pili walipanda juu usiku wa kwanza, wakalala juu ya mchanga, asubuhi wamekufa. Wa C waliotiwa tangi dogo lenye mchanga uleule walifuata.

Harufu ilikuwa imeshatoa jibu. Chini ya sentimita chache za juu, mchanga wa ufukwe hauna oksijeni. Bakteria wa huko wanatumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa salfaidi, nayo ikikutana na chuma inaupaka mchanga rangi nyeusi. Ufukweni tabaka hilo liko chini, na kila mnyoo anajitengenezea mrija wake wenye maji mapya. Mimi nilikoroga tabaka zote ndoo moja, nikaumwaga tangini, kisha nikamzamisha mnyoo katikati yake. *Arenicola* huvumilia salfaidi kuliko wanyama wengi, hata mitokondria zake huweza kuioksidisha ikawa thiosalfeti, lakini anahitaji oksijeni ya kufanyia hivyo, na hapo hakuipata.

Dawa ilikuwa subira. Mchanga umechukuliwa upya kutoka sentimita za juu tu, umechekechwa, umetiwa, maji yakapigwa hewa na tangi likaachwa bila mnyama kwa siku kadhaa. Mstari wa kahawia ukajitokeza juu, chini yake kijivu, chini zaidi weusi. Mstari huo wa kahawia ukionekana kwenye kioo ndipo tangi liko tayari. Ukitia mnyoo kabla yake unamtupa.

Na joto. Chumba cha kwanza kilikuwa na nyuzi 20, ambazo mnyama wa bahari hii mwezi Oktoba hazitaki na bakteria wanazipenda. Tangi limehamia ghala lisilo na moto, nyuzi 11 hadi 12. Maji yanabadilishwa robo kila wiki, chumvi gramu 33 hivi kwa lita. Hayo mengine ni ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kuweka tangi la maji ya bahari.

22 Oktoba: anafanya kazi

J mmoja ametulia na shimo lake limekaa kwenye kioo karibu lote. Naandika kwa urefu kwa sababu ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Shimo ni J. Mkono wa mkia ni mrija ulio wazi hadi juu, kuta zimelainishwa kwa ute. Sehemu ya chini imelala, na hapo ndipo anapokaa. Mkono wa kichwa si mrija. Ni nguzo ya mchanga uliolegea inayoshuka kadiri anavyoila kutoka chini, na juu yake kibonde kinadidimia. Kuzunguka mrija wote kuna ukingo wa kahawia, milimita mbili tatu za mchanga uliopata oksijeni katikati ya weusi. Siku alipochimba haukuwepo. Sasa unaweza kufuata umbo la shimo hata mnyoo akiwa upande usioonekana, na shimo la zamani alilolihama limebaki na ukingo unaofifia kurudi kijivu.

Mgongoni mwake mawimbi yanapita kutoka mkiani kwenda kichwani, moja baada ya jingine, uvimbe unaogusa ukuta wa shimo pande zote na kusukuma maji mbele yake. Matamvua yananywea na kujaa. Kisha mawimbi yanakoma, koromeo linatoka, mchanga unatetemeka mbele ya kichwa na kuanguka, anazoa tena, anapumzika.

Mwanazoolojia G. P. Wells aliipima mizunguko hii kwa miaka mingi katikati ya karne ya 20. Aliona mnyoo mkubwa akirudi nyuma kutoa choo kila baada ya dakika 40 hivi, kisha akipampu maji kwa nguvu, kisha akirudi kula, na kula kwenyewe kukienda kwa vipindi vya dakika sita saba. Umio wake ukikatwa na kuwekwa peke yake kwenye maji ya bahari huendelea kupiga kwa mpigo huohuo, yaani saa inayompangia wakati wa kula iko kooni mwake. Kamera ya simu, picha moja kila sekunde 20, inaonyesha huyu wangu akikaribia dakika hizo akiwa ametulia. Mlango wa ghala ukigongwa anaharibu ratiba yote.

Kitu nisichokitarajia kukiona mapema hivi ni kokoto. Vipande vya gamba vilivyopenya chekeche vinaanza kukusanyika chini ya kichwa. Anameza chembe ndogo na kuzipandisha juu kama choo. Kubwa anaziacha, nazo zinashuka. Kwenye tope za Wadden Sea, pwani ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark, kazi hiyo ya minyoo wengi kwa muda mrefu huacha tabaka zima la magamba kwenye kina wanachokula, na mwanajiolojia akichimba huko baadaye analikuta. Mwaka 1891 Charles Davison alijaribu kukadiria wingi wa mchanga wanaoupandisha minyoo hawa ufukweni. Kwa muda mrefu waliandikwa kama chambo tu, lakini ukitazama kioo kwa juma moja unaelewa kwa nini siku hizi wanaikolojia wanawataja kila wanapozungumzia wanyama wanaojenga upya makazi ya wengine.

29 Oktoba: rangi, na maji kukupwa ghalani

Jaribio la kwanza la rangi ya chakula, tone moja kwa bomba la sindano juu ya kibonde cha kichwa, halikutoa kitu. Rangi ilielea pale, kisha ikasukumwa juu na kusambaa. Tone kwenye tundu la mkia lilivutwa chini papo hapo. Baada ya muda wekundu ukajitokeza ndani ya nguzo ya mchanga mbele ya kichwa, ukapanda taratibu. Maji yanaingia mkiani, yanapita kwenye matamvua, yanatokea kwenye mchanga anaokula. Kazi mbili kwa pampu moja: anapumua, na mchanga wa mbele unalegea tayari kuliwa. Anayeiga atie rangi mkiani tu, na kidogo, maana tone la pili lilichukua siku kadhaa kutoka mchangani na kuvuruga picha.

Kisha nikapunguza maji hadi usawa wa mchanga, kuiga maji kukupwa. Pampu ya mnyoo ilikoma. Baadaye alirudi nyuma hadi mkia ukagusa hewa, akavuta kiputo chini, akakaa nacho. Wells alieleza tabia hii pia. Oksijeni ikiisha kabisa anaweza kuishi kwa muda kwa kuvunja akiba yake ya glaikojeni bila hewa. Damu nayo inamsaidia: himoglobini yake haimo ndani ya seli, imeyeyuka moja kwa moja kwenye damu, molekuli kubwa ya dalton (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni 3.6 hivi yenye nafasi 156 za kushika oksijeni. Ya binadamu ina nafasi nne. Kwa sababu hiyo kampuni ya Kifaransa Hemarina imeitumia himoglobini ya mnyoo huyu kuhifadhi viungo kabla ya kupandikizwa.

Gharama ya jaribio: maji yaliporudishwa haraka, kibonde na nusu ya nguzo ya mchanga viliporomoka. Rudisha maji kwa mrija mwembamba, ukiuelekeza kwenye kioo, si kwenye mchanga.

5 Novemba: maji yamekuwa maziwa

Asubuhi maji ya tangi yalikuwa meupe, huoni kioo cha pili. Mnyoo wa J ni dume na amemwaga mbegu. Huu ndio msimu wao. Ufukweni siku hiyohiyo kulikuwa na vidimbwi vyeupe juu ya mchanga, kando ya vyoo. Madume humwaga maji yakikupwa, bahari ikirudi inazisambaza mbegu, na majike wanaozivuta kwa pampu ileile ya kupumulia wanarutubishia mayai ndani ya mashimo yao. Dume hachochewi na joto tu. Ndani ya mwili wake kuna asidi ya mafuta, 8,11,14-eikosatrienoiki, inayozifanya mbegu zilizokomaa ziachane na kuanza kuogelea.

Ndani ya tangi wingi huo wa mbegu hauna pa kwenda. Zinakufa, bakteria wanazila, oksijeni inashuka. Nilibadilisha maji yote mara mbili ndani ya siku moja na mnyoo akapona. Anayeanzisha tangi kati ya Septemba na Desemba awe na ndoo za maji ya bahari akiba. Sikuwa nimeona onyo hili popote, ndiyo maana naliandika kwa herufi nzito: weka maji ya akiba.

19 Novemba: jina na ukoo

Mvua imefunga ufukwe, basi nimefanya kazi ya mezani.

Linnaeus mwaka 1758 alimwita *Lumbricus marinus*, jenasi ileile ya nyungunyungu. Lamarck akamtoa huko mwaka 1801 na kumpa jenasi yake, *Arenicola*. Familia ni Arenicolidae, na mwaka 1959 huyohuyo Wells aliigawa upya, akamtenga *Abarenicola* na wenzake. Faila ni Annelida, hapo hakuna ubishi. Ubishi uko katikati.

Kwa mpangilio wa zamani anelidi waligawanywa ngeli tatu: polikaeta wa baharini, nyungunyungu na jamaa zao, na ruba. Ukisoma kitabu chochote cha kutambua viumbe wa ufukweni utamkuta *Arenicola* kwenye ngeli ya Polychaeta. Vinasaba vimeuvunja mpangilio huo. Mwaka 1997 McHugh alionyesha kwamba ekiura, minyoo wa baharini wasio na pingili waliokuwa wamepewa faila yao wenyewe, ni anelidi waliozipoteza. Mwaka 2011 Struck na wenzake wakarudisha, kwa jeni nyingi, mgawanyo wa matawi makubwa mawili: Errantia, wengi wao wakiwa wawindaji wanaotembea, na Sedentaria, wengi wao wakiwa wakaaji wa mashimo na mirija. *Arenicola* ni Sedentaria, jirani yake wa karibu ni familia ya Maldanidae. Na nyungunyungu na ruba nao wamo ndani ya Sedentaria hiyohiyo.

Maana yake mnyoo wangu wa tangini ni ndugu wa karibu wa nyungunyungu wa bustanini kuliko wa *Alitta*, yule mnyoo mwenye taya anayechimbwa naye ufukwe mmoja na kuuzwa ndoo moja. "Polychaeta" kama kundi halisimami, kwa sababu nyungunyungu wamechipuka ndani yake. Linnaeus alimweka pamoja na nyungunyungu kwa kutazama mwili mrefu wenye pingili tu, na hakuwa na ushahidi wa zaidi. Simpi sifa asiyostahili, ila kwenye lebo za sampuli zangu nimeacha kuandika ngeli. Naandika Annelida, Sedentaria, Arenicolidae.

Kuhusu spishi mbili: Gamble na Ashworth walishaandika mwaka 1898 kwamba ufukweni kuna namna mbili za *A. marina*, moja ya juu na moja ya chini kabisa. Tofauti walizoziona zilikuwa za kweli. Ikapita karibu karne nzima kabla namna ya pili kupewa jina lake, na nadhani chupa za fomalini zina lawama hapo. Mnyoo kwenye chupa ni mnene, kijivu, amenywea, matamvua yamekunjamana. Umbo la choo na kina cha shimo havihifadhiki kabisa.

3 Desemba: minyoo wa C hawakai, na PCR imegoma

Tangu mchanga ulipotulia, J wanakaa. C hawakai. Kila mmoja anazama wima hadi chini, anagonga akriliki, anajikunja kando ya kona, hali, hatoi choo, na baada ya siku chache anapanda juu. Nimebadilisha mchanga ukawa wa chini ya ufukwe, nimeongeza hewa, nimeshusha joto. Hakuna tofauti. Wawili wamekufa na wengine nimeacha kuwachukua.

Upande wa vinasaba, vipande vya mkia vilivyohifadhiwa kwenye ethanoli ya asilimia 96 vilikwenda maabara ya kulipia. Gharama pauni 60 kwa kundi la kwanza, majibu: hakuna kitu. Sababu ni mbili na zote ziko mkiani. Ute wa mnyoo una sukari ndefu zinazozuia PCR, mbinu ya kunakili vinasaba ili visomeke, na mkia umejaa mchanga wenye vinasaba vya kila kiumbe alichokula. Kundi la pili nimekata kipande kidogo cha msuli wa ukuta wa mwili, mbele, nimekikwangua na kukiosha kwenye ethanoli mara kadhaa kabla ya kukihifadhi, na nimeomba watumie CTAB, utaratibu wa kutoa vinasaba unaofaa kwa wanyama wenye ute. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, ni za Folmer za mwaka 1994, zinazonakili kipande cha COI, jeni inayotumika kutambua spishi, cha jozi 650 hivi za besi.

20 Januari 2024: majibu

Mfuatano umesomeka safari hii. J wote wamelingana na *A. marina* waliomo kwenye hifadhidata za umma. C wote ni *A. defodiens*.

Baada ya hapo nikarudi kwenye matamvua ya sampuli zenyewe. Mnyoo akitiwa fomalini akiwa macho anajikaza na matamvua yanakuwa vinundu visivyosomeka. Akilegezwa kwanza kwenye magnesi kloridi, gramu 75 za fuwele kwa lita ya maji yasiyo na chumvi, ananyooka na matamvua yanafunguka. Ya *A. marina* ni kichaka, matawi yanatoka bila mpango unaoonekana. Ya *A. defodiens* yamepangika pande mbili za shina, mengi zaidi. Chini ya lenzi ya mkono inayokuza mara kumi ukiona moja hutaichanganya na nyingine. Kwa hiyo anayeiga hana haja ya kulipia vinasaba kwa kila mnyoo. Kloridi na lenzi vinatosha, sampuli mbili tatu zipelekwe maabara kwa uhakika.

Majibu haya yanaelekea kueleza pia kwa nini C waligoma. *A. defodiens* anachimba wima na kwa kina kikubwa kuliko mwenzake. Tangi la sentimita 35 kwake ni sakafu ya zege, na hakuna mchanga wala ubaridi wa kulibadilisha hilo. Kumbe wale wavuvi pale ufukweni, na uma zao ndefu, walikuwa wanakionyesha kipimo cha tangi wazi kabisa.

Gharama hadi leo, pamoja na tangi lililovuja na kundi la sampuli lililoshindikana, zimepita kidogo pauni 270. Zaidi ya nusu imekwenda kwenye vinasaba.

Tangi la pili, la milimita 14 na kimo cha 35, linafaa kwa *A. marina* kama lilivyo. Kwa *A. defodiens* linajengwa la tatu: kimo sentimita 80, vioo vya milimita 10, upana mdogo wa sentimita 25 ili uzito ubebeke, na jiriwa kila sentimita 15 kwenda juu. Mchanga wake utahitaji muda mrefu zaidi kutulia kabla ya kutia mnyama. Kuchimba upya kunasubiri bamvua la Machi.